Siku moja maishani mwangu: napika kahawa katikati ya Nicosia

Jamaa wengi wa Mombasa huniuliza huku Cyprus nafanya kazi gani, haya leo twendeni wote.

Saa 1 asubuhi
Natoka chumbani upande wa kusini, napita polisi, natembea mpaka ndani ya ule ukanda wa UN karibu na hoteli ya zamani ya Ledra Palace. Mkahawa wetu uko humo ndani, si kusini kwa Wagiriki wala si kaskazini kwa Waturuki. Ukanda una urefu wa kama kilomita 180, umekikata kisiwa tangu vita vya 1974, na mpaka sai Uturuki haiitambui serikali ya Cyprus, ubalozi hakuna.

Saa 2
Nabandika kahawa. Wazee mashine hawaitaki, wanataka ya kibirika chenye mkono mrefu, nzito, kikombe kidogo kama tu ile kahawa chungu ya Mji wa Kale. Bila sukari Mgiriki anasema sketo, Mturuki anasema sade. Sukari ya wastani huyu metrio, yule orta. Lakini jina la kahawa yenyewe ndo kuwa nalo makini, manake kusini ni ya Kigiriki na ukivuka tu ni ya Kituruki, kwa hivyo mimi nasema kahawa basi.

Saa 5
Walimu wa pande zote mbili wana kikao. Napanga viti, bendera hakuna, na kwenye vibao vya majina siandiki cheo cha mtu, jina tupu. Nilipoanza kazi nilidhani ni kukosa heshima, kumbe cheo kikiandikwa ni kama umekubali serikali iliyokitoa. Hata wakubwa wao wakikutana mbele ya UN huitwa viongozi wa jamii, na bila hivyo hawakai meza moja.

Saa 7
Sinki imeziba! Fundi kaja, na akiwa pale chini nikawa nafikiria hayo maji yanakoenda, manake hii habari naipenda sana. Miaka michache tu baada ya vita, damu bado mbichi, meya wa Wagiriki Lellos Demetriades na meya wa Waturuki Mustafa Akıncı walikubaliana mji uwe na mfumo mmoja wa maji taka, ukaanza kufanya kazi 1980, na maji ya pande zote mbili yanasafishwa Mia Milia kule kaskazini, Waturuki wanapaita Haspolat. Hakuna aliyemtambua mwenzake, walitambua kipindupindu hakina upande. Akıncı huyo huyo akaja kuwa kiongozi wa Waturuki wa Cyprus, na Mei 2015 alitembea mtaa wa Ledra na Nicos Anastasiades, rais wa Cyprus wakati huo, wakanywa kahawa pande zote mbili. Mazungumzo yao ya kukiunganisha kisiwa yalivunjika Crans-Montana kule Uswisi 2017 na roho inaniuma nikikumbuka, lakini maji bado yanaenda.

Saa 10
Wazee wangu wawili wamefika. Mturuki alizaliwa Paphos kusini, Kigiriki anakiongea kama maji. Mgiriki alikimbia Kyrenia kaskazini na hakuweza kurudi hata kutazama mpaka vizuizi vilipofunguliwa Aprili 2003. Sai magoti hayamruhusu tena, kwa hivyo leo mwenzake kamletea picha kwenye simu, kaburi la mamake huyo Mgiriki, kalifagia na kuling'oa magugu. Mgiriki kaikuza ile picha kwa vidole, kaiangalia muda mrefu sana, nami nikarudi jikoni niwaache.

Kisha ikaja vita ya kulipa, kila mmoja kanishika mkono. "Mzee, leo zamu yake," nikamwambia wa Paphos. Alilipa wa Kyrenia.

Saa 12 jioni
Nafunga. Mmoja anaelekea kushoto, mwengine kulia, kila mtu na kitambulisho mkononi. Nimeshaviosha vikombe vyao, kesho metrio moja na orta moja.