Sungura wangu wa Silver Fox, Ohio: kutoka kupandisha hadi kuchagua

Mwishoni mwa Februari. Jike mkubwa ameshika mimba. Nimempapasa tumbo taratibu wiki mbili baada ya kumpandisha, na vitoto viko pale, vigumu na vinateleza chini ya vidole kama zabibu. Kwa aliyejiunga sasa: nafuga sungura aina ya Silver Fox, na niko Ohio, jimbo la Marekani walikotokea. Aliyewatengeneza ni Walter Garland wa North Canton. Mwaka 1925 walitambuliwa rasmi kwa jina la American Heavyweight Silver, na 1929 wakaanza kuitwa American Silver Fox. Baadaye sungura weupe wa aina ya New Zealand walitawala mabanda ya biashara, hawa wakabaki kwa wachache. Shirika la Livestock Conservancy linawafuatilia pamoja na mifugo mingine ya urithi, yaani aina za zamani zilizo adimu.

Kinachowatofautisha ni manyoya. Msugue kutoka mkiani kuelekea kichwani, yatasimama wima, na yatabaki yamesimama mpaka uyalaze mwenyewe kwa kiganja. Kila mgeni anayefika hapa lazima ajaribu.

Baridi haijanipa shida. Sungura anaivumilia mradi banda halipitishi upepo na chini pakavu. Shida ni maji, maana yanaganda. Nimeachana na chupa mpaka theluji iishe, natumia mabakuli ya mpira ninayoyagonga ukutani barafu itoke.

Machi. Amezaa. Jana yake alikuwa akizunguka banda na fungu la majani makavu limechomoza pande zote mbili za mdomo, kisha akajinyonyoa manyoya ya kifuani akatandika kwenye sanduku. Watoto saba, wote weusi tii. Ndiyo, weusi: Silver Fox hazaliwi na rangi ya fedha.

Jirani alikuja akakaa kutwa, hakumwona mama akiingia sandukuni, akaniambia amewatelekeza watoto. Hapana. Sungura hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache tu, na mara nyingi ni usiku au alfajiri. Usimvizie mama, angalia matumbo ya watoto. Tumbo likiwa duara na ngozi imekaza, mtoto ameshiba. Ngozi ikiwa na mikunjo, ana njaa. Mmoja alitoka sandukuni akiwa bado ameng'ang'ania chuchu, baridi ikamuua. Wamebaki sita.

Aprili. Hapa ndipo aina hii inapompima mfugaji. Weupe unaoleta rangi ya fedha unaanza kuchungulia mtoto akifikisha kama wiki nne, na unaweza kuchukua hadi miezi minne kukamilika. Nampakata mmoja mmoja chini ya taa, nayapuliza manyoya ya ubavuni yafunguke, natafuta nywele zenye ncha nyeupe. Mmoja anazo usoni na kwenye masikio, begani hana hata moja. Mwingine zimetawanyika vizuri lakini ana mifupa myembamba. Nifanye nini? Nangoja. Mwenye sungura weupe angeshachagua nani abaki na nani achinjwe. Mimi naendelea kulisha midomo sita kwa pelleti (chakula cha punje cha kiwandani) na nyasi kavu kwa sababu ya koti ambalo bado halijaisha kushonwa.

Kitu kimoja hakingoji: kucha. Kucha nyeupe kwenye sungura mweusi inamtoa mashindanoni moja kwa moja. Nimezikagua zote, wamepona. Nimewapiga tatoo za namba sikio la kushoto na kuziandika kwenye daftari la ukoo.

Mdogo wangu wa kike alinipigia kutoka Moshi. "Kaka, mnyama unasema ni adimu halafu unamchinja?" Ndiyo, namchinja. Sungura hawa walitengenezwa kwa nyama na ngozi, dume kilo 4 hadi 5, jike anakaribia 5 na nusu. Ukibakiza kila anayezaliwa kwa sababu ni adimu, baada ya vizazi vichache unakuwa na sungura weusi wa kawaida wenye mvi. Mwenye bega jeusi baadaye alikwenda jikoni, na alikuwa mtamu.

Juni. Joto ndilo adui. Likipita nyuzi 30 sungura wanahema, na dume anaweza kukosa nguvu ya uzazi kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kupandisha nimesitisha. Kila banda lina chupa ya maji yaliyogandishwa. Wanailalia ubavu wakinyoosha miguu.

Wamekamilisha pia chanjo ya RHDV2, virusi vya ugonjwa wa sungura wa kutokwa damu unaoua, dozi mbili zilizopishana wiki tatu. Ugonjwa huo ulithibitishwa hapa Ohio 2018 kwa sungura wa kufugwa, na unasafiri kwa viatu, nyasi na nzi. Viatu vya bandani havitoki bandani, na hata watoto wa jirani sasa wanaangalia kwa mbali.

Agosti. Rangi imekamilika, nimechagua. Nabaki na majike wawili na dume mmoja, ambaye sitampandisha dada zake. Nimekubaliana na mfugaji wa Pennsylvania, jimbo jirani, tubadilishane madume joto likishuka. Karatasi za ukoo wa dume wake nimezisoma hadi kwa mababu wa pande zote mbili, hakuna jina linalogongana na la kwangu. Dume huyo akifika atakaa mwezi mzima gereji, peke yake, na bakuli lake na ufagio wake.