Nitaswali nikifika kwangu

Wifi aliyasema hayo Jumanne, kasimama pale mlango wa ukumbini, mkono mmoja umeinua pindo la buibui lisiguse sakafu. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha. Nilishamtandikia mswala, ule wa kijani aliotuletea mama mkwe aliporudi hija, nikamwambia, "Wifi, kibla upande wa mlango wa uani, na maji ya udhu yapo kwenye ndoo yenye kifuniko." Akautazama mswala. Akatazama mkeka. Akamtazama paka wetu Tumbaku aliyejinyoosha dirishani. Kisha akatabasamu.

"La wifi, usijisumbue. Nitaswali nikifika kwangu."

Kwake ni Mikanjuni. Kutoka hapa Ngamiani akipanda bodaboda anafika na wakati wa sala bado upo, kwa hiyo hakusema uongo wala hakunitukana. Ndiyo maana hayanitoki. Tusi unaweza kulijibu. Tabasamu lile nilijibu nini?

Wiki hii Baba Nasra kapata barua ya uhamisho wa Korogwe, Nasra kamaliza mitihani yake, na mimi nimekaa kwenye cherehani naisikia sauti ya wifi. Nimeshamjibu kichwani kwa upole: "Chumba cha sala hakiingii paka, wifi, njoo uone." Nimeshamjibu kwa ukali pia, na hayo siyaandiki. Baba Nasra ananiambia achana naye, dada yangu ndivyo alivyo. Yeye anawaza Korogwe.

Lakini mimi ndiye ninayeamka kabla ya alfajiri. Paka sita, sungura wawili na njiwa wa Salim juu ya paa, nyumba hii haiwi safi kwa bahati. Mabeseni ya mchanga yako uani, na kinyesi nakitoa kila siku bila kuruka, kwa sababu vile vijidudu vya toksoplasma vinavyotoka kwenye choo cha paka havidhuru saa ile ile, huchukua siku moja au zaidi ndipo viwe na nguvu ya kumwambukiza mtu. Ukiwahi, umeviwahi. Na nina mwali nyumbani ambaye kesho keshokutwa atakuwa mke wa mtu na mja mzito. Sifanyi mzaha na jambo hilo.

Mkojo ndio mgumu. Watu wanadhani ukifukiza udi umemaliza. Udi naupenda, nafukiza kila Alhamisi jioni, ila harufu ya mkojo wa paka iko pale pale chini yake, na siku yenye unyevunyevu, kama hizi za mvua, inapanda upya, maana ile chumvi yake haiyeyuki kwa maji matupu. Mimi kwanza nakausha kwa kitambaa, nakandamiza, sisugui. Halafu siki na maji, nasubiri, halafu magadi ya unga usiku kucha, asubuhi nafagia. Jiki siigusishi kabisa. Ikikutana na mkojo inatoa mvuke unaochoma macho na kifua, nao si wa kuchezea kwenye chumba kilichofungwa. Na zile dawa za sakafu zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia maji, sizinunui hata zikiuzwa bei ya bure, kwani ini la paka haliwezi kuzisafisha. Anakanyaga sakafu, anajilamba miguu, ameshakula sumu.

Mikeka naitoa juani, naikung'uta pande zote mbili. Kiroboto mkubwa unayemwona mgongoni kwa paka ni sehemu ndogo tu ya balaa, mayai yake yameshaanguka chini na watoto wake wamo kwenye nyufa za mkeka. Ukimtibu paka na kuiacha nyumba, umetwanga maji kwenye kinu.

Na manyoya! Nashona mabuibui. Kitambaa cheusi na paka mweupe ni mambo mawili yasiyokaa chumba kimoja, kwa hiyo chumba cha cherehani kina mlango wake na kitasa chake. Hata hivyo, kabla sijamkabidhi mteja kazi yake, navaa glavu ya mpira, nailowesha kidogo, napitisha kutoka begani hadi pindoni kwa mkono wa kwenda upande mmoja. Unyoya mmoja uliojificha kwenye tarizi unajiviringisha na wenzake, unatoka. Hajawahi mteja kunirudishia vazi kwa sababu ya unyoya. Wifi mwenyewe kavaa mkono wangu Idi mbili. Hata lile pindo aliloliinua nililipinda mimi.

Nalisema hili kwa sababu nyumba yangu nisingependa isemwe ni ya najisi. Mkojo ni najisi, nakubali, na nausafisha kama najisi. Ila paka mwenyewe siye. Kila aliyekaa chuoni utotoni anaijua ile habari ya sahaba Abu Qatada, paka alipokuja kunywa maji yake ya udhu naye akamwinamishia chombo mpaka akashiba, na mkwewe Kabsha anatazama kwa mshangao. Akamweleza kwamba Mtume (s.a.w.) alisema hawa si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Wifi alikaa chuo kimoja na Baba Nasra. Anaijua kuliko mimi.

Leo mchana nilikuwa napiga pasi, sentensi ile inanizunguka, nikafika mahali sikuwa nimefika. Kwanza kwa hasira. Nilikumbuka Tumbaku alifikaje hapa. Si nani aliyemleta ila wifi! Masika ile ya mafuriko, baada ya isha, kabisha hodi na kikapu cha ukili kimefunikwa kanga, ndani kijipaka cha rangi ya tumbaku, macho hayajafunguka vizuri. "Wifi, wewe unawaweza." Nikasema moyoni, kumbe! Mnanitupia wote mtaa mzima, kwenye maboksi, usiku, halafu ni nyinyi mnaokuja kuinua mapindo ukumbini kwangu.

Halafu nikaukumbuka uso wake usiku ule. Alikuwa amelia. Mumewe alikuwa amemwambia kijipaka kikatupwe jalalani, naye alipita jalalani akashindwa, akaja kwangu amelowa chapachapa na kikapu ni kikavu kabisa. Alikunywa chai akiwa amekipakata. Hakuuliza tena habari zake tangu hapo, na mumewe, Mungu amrehemu, kafariki mwaka jana.

Basi nikairudia Jumanne polepole. Mswala aliuangalia kidogo. Mkeka kidogo. Tumbaku alimwangalia muda. Mimi nilikuwa nimeshika kawa la maandazi, nikaona macho yanamchukia paka. Sasa sina hakika. Tumbaku hivi sasa ni dume zito la kilo kama tano, tulimpeleka kwa daktari wa mifugo akahasiwa na kukojoa ukutani kukaisha. Huenda hakumjua. Huenda alimjua, ndipo akataka kwenda kuswali kwake, peke yake.

Simjui wifi yangu vizuri hivyo, na tuna miaka kumi na tisa. Ijumaa nitampelekea maandazi Mikanjuni, nikae, nisiulize kitu.

Kinachonitia wasiwasi usiku huu ni mjomba wa Pemba. Simu inaita haipokelewi tangu juzi. Nasra anasema ni mtandao tu kwa sababu ya mvua, lakini simu ikiwa haina mtandao haiiti. Ana sukari na anaishi peke yake tangu binti yake aolewe Unguja. Nina namba ya jirani yake mahali fulani kwenye daftari la vipimo, nikiipata nampigia hata kama ni usiku.