Nitaiambia surua ingoje

Nimekunja nguo, nimeosha vyombo, hata friji ya mama nimeiyeyusha barafu, na yale maneno bado yananirudia. Basi niyaandike.

Jumanne ya wiki iliyopita, kliniki ya kisiwani. Safari yenyewe mnaijua: Jumanne ya pili ya kila mwezi, mashua ya kukodi kutoka huku Mkinga, sanduku la chanjo mapajani. Ilipofika saa tatu asubuhi maji yanatoka, nahodha keshasema mara mbili kwamba tutapwelewa, na chini ya mkungu amekaa mama mmoja tu na mwanawe wa miezi 9. Surua-rubella. Kichupa kina dozi 10; ukishakichanganya, zikipita saa 6 kilichobaki unamwaga. Mwongozo unasema fungua hata kwa mtoto mmoja. Naujua, nimewafundisha wengine. Lakini nilikuwa naiona ripoti ya mwisho wa mwezi, dozi 9 zimemwagwa, jina langu chini yake.

Nikamwambia, "Mama, njoo mwezi ujao, tuwapate na wenzio."

Akaifunga kadi ya kliniki kwenye ncha ya kanga, polepole. "Haya, dada nesi. Na surua nayo nitaiambia ingoje mwezi ujao."

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningelala usingizi. Ile "haya" yake nimeijaribu mbele ya kioo, siiwezi. Kaka kapeleka posa Pangani na imekubaliwa, wakaguzi wamekuja zahanati wameondoka, mimi bado niko chini ya mkungu.

Alhamisi nikampigia mhudumu wa afya wa kule, kumlalamikia kwamba watu wake hawataki chanjo. (Ndiyo, nilisema hivyo.) Akacheka mpaka salio likamwishia, nikapiga tena mimi.

"Nesi, Jumanne ilikuwa bamvua! Wanawake wote walikuwa kwenye mwani."

Na mimi eti mtoto wa pwani. Bamvua ndiyo maji yanakupwa mpaka mbali, ndiyo siku za kufunga mbegu na kuvuna. Atakayekaa kliniki siku hiyo kapoteza chumo. Sisi tunahesabu kwa kalenda ya ukutani, wao kwa mwezi wa angani. Sijui mara ngapi nimeandika "mwitikio hafifu" kwenye daftari, kwa mkono wangu.

Basi jana, maji mafu, siku ambazo hayakupwi mbali, nikaomba nafasi kwenye mashua ya mnunuzi wa mwani. Watoto 7! Yule mama alikuwa wa nne kwenye foleni. Nikamchoma mtoto, akalia, akapewa ziwa akanyamaza. Nikaomba radhi, kwa sauti ndogo kuliko nilivyokusudia.

"Surua ina adabu," akasema. "Imengoja."

Kama alicheka sijui, kanga ilikuwa mdomoni. Lakini narudi naimba mpaka mwenye mashua akaniuliza huko nimelishwa nini. Tarehe zote zilizobaki mwaka huu nimezipanga upya, nahodha wetu kando yangu ananihesabia mwezi.

Leo asubuhi vijana wawili wamekuja na futi, wakapima ua wetu kutoka kwenye mwembe mpaka chooni. Nikawauliza wametumwa na nani. "Tunapima tu, mama." Mwenye nyumba simpati kwenye simu tangu mchana.