Ketamini Nje ya Chumba cha Upasuaji

Kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi katika chumba cha upasuaji huku magharibi mwa Kenya, ketamini si dawa ngeni. Ndiyo tunayoikimbilia mashine ya gesi inapokosekana, au mama anapohitaji kupasuliwa usiku ilhali mtaalamu wa nusukaputi yuko mbali, kwa kuwa humlaza mgonjwa na kumwondolea maumivu bila, kwa kawaida, kumzuia kupumua. Iliundwa Marekani mwaka wa 1962, na tangu mwaka wa 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ndiyo maana watu wengi hapa Kisumu hushangaa wakiambiwa kwamba dawa hiyohiyo hutumika kutibu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, iliyoshindikana kwa dawa nyingine.

Mwaka wa 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha jaribio dogo lililoonyesha nafuu ya haraka, na mwaka wa 2006 kundi la mtafiti Mmarekani Carlos Zarate likathibitisha hivyo kwa dozi moja ya nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito, iliyopitishwa mshipani polepole kwa dakika 40. Sisi tunapomlaza mgonjwa wa upasuaji humpa miligramu moja hadi mbili kwa kilo, tena kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo mgonjwa wa sonona halali, ingawa anaweza kuhisi kana kwamba ametengana na mwili wake. Tembe za kawaida huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, lakini kwa ketamini wengine hupata ahueni siku hiyohiyo, hata mawazo ya kujiua yakapungua. Hilo lina uzito wa pekee kwetu, kwa sababu ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Kabla ya hapo, aliyeponea chupuchupu alikuwa na sababu nzuri ya kumficha daktari ukweli.

Sonona huitwa sugu mgonjwa anapokuwa ametumia angalau dawa mbili tofauti, kwa dozi ya kutosha na kwa muda wa kutosha, bila kupata nafuu. Hapo ndipo nina shaka na baadhi ya wanaojiita sugu. Mtu aliyepewa amitriptilini, tembe ya zamani ya sonona, kidogo ya usiku, kisha ikaisha kwenye duka la dawa la zahanati kabla ya mwezi kutimia, hajashindwa na dawa, amekosa dawa. Huyo anahitaji tembe zake zipatikane kwanza, kabla ya kutafutiwa dripu ya bei ghali.

Dozi moja ya ketamini haitoshi, kwani nafuu yake mara nyingi hufifia baada ya siku chache au wiki moja hivi, na hivyo matibabu hurudiwa. Shinikizo la damu hupanda kwa muda, kichefuchefu huja, na mwenye historia ya kuona au kusikia yasiyokuwepo huenda akazidiwa. Wanaoitumia ovyo kwa muda mrefu huweza kuharibu kibofu cha mkojo, mbali na uraibu. Marekani ilipoidhinisha dawa ya puani ya esketamini, ambayo ni aina ya ketamini, mnamo Machi 2019, iliweka sharti kwamba mgonjwa aangaliwe kituoni kwa saa mbili au zaidi, na asiendeshe gari hadi siku inayofuata. Kwetu hiyo ina maana asipande bodaboda peke yake kurudi mtaani Kondele.

Kichupa cha ketamini si ghali. Gharama iko kwa muuguzi atakayekaa kando ya kitanda muda huo wote na kwa daktari wa akili atakayeamua nani anafaa. Anayeshauriwa kuanza matibabu haya aulize kabla ya kulipa: shinikizo langu litapimwa mara ngapi, nani atakayenisindikiza nyumbani, na nafuu ikiisha nitarudi kwa nani?