Nilivyopata hesabu ya kweli ya dizeli kati ya Dar es Salaam na Tunduma

Fomu za mafuta nilizowapa madereva wa malori, za mwezi wa kwanza wa utafiti wangu, zilirudi zote, zimejazwa vizuri, hakuna hata moja yenye nafasi tupu. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu, nikiwa naingiza takwimu kwenye kompyuta, nikaona kwamba karibu kila kiasi cha lita kiliishia na sifuri au tano: 480, 495, 500, 485. Pampu haifanyi hivyo. Pampu ikijaza tenki husimama kwenye 487.3 au 491.6, popote tenki lilipojaa. Namba zile zilitoka kichwani mwa watu, na watu wale walikuwa wananiogopa.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya usimamizi wa uhandisi, huku nikiajiriwa na kampuni ya malori jijini Dar es Salaam inayopeleka mizigo Tunduma na kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Mada ilitoka ofisini. Uongozi uliamini kuwa madereva wananyonya mafuta, na ulitaka ushahidi wa namba. Kiwango cha dizeli kilikuwa kimoja kwa kila safari ya kwenda. Dereva akizidisha, lita zilizozidi zinakatwa kwenye mshahara wake. Nami kwenye pendekezo la utafiti niliandika kwamba lengo ni "kupima upotevu wa mafuta unaosababishwa na madereva". Sentensi ile inaniuma mpaka leo. Nilikuwa nimeshatoa hukumu kabla sijashika kipimo.

Msimamizi wangu chuoni alizipitia fomu kwa dakika tano, akazirudisha mezani.

"Injinia, umeshawahi kupanda hayo malori?"

Sikuwahi. Nilizijua injini zake kwa vitabu na gereji, lakini kutoka mizani ya Vigwaza, mkoani Pwani, hadi ya Mpemba, karibu na Tunduma, nilikuwa nimepita mara moja tu, usiku, ndani ya basi, nimelala.

Kupanda lori hakukuwa rahisi. Madereva wanne walikataa kwa adabu, kila mmoja akiwa na sababu yake. Mwanamke kusafiri siku tatu kwenye kebini ni jambo la kusemwa, na mtu wa ofisini mwenye daftari ni jambo la kuogopwa. Aliyekubali alikuwa mzee kuliko wote, dereva ambaye vijana walimwita Babu. Nilimfuata asubuhi yadi ikiwa bado na umande.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutukamata?"

"Nimekuja kupima gari, baba."

"Basi pima gari. Mtu mwache kwanza."

Kabla ya safari ile nilifanya jambo moja ambalo naliona muhimu kuliko hesabu zote zilizofuata. Niliomba uongozi unipe barua yenye saini kwamba hakuna shilingi itakayokatwa kwa mtu yeyote kutokana na takwimu za utafiti, na kwamba majina yatabaki kwangu, ofisi itaona herufi tu: Dereva A, Dereva B. Barua ilichukua wiki tatu. Niliambiwa nawatetea wezi. Nikajibu kwamba sina ninayemtetea, ila takwimu za mtu anayeogopa mshahara wake kukatwa hazina maana yoyote, na ninazo fomu za mwezi mzima za kuonyesha hivyo. Barua ilipotoka niliisoma yadini kwa sauti, madereva na utingo wakiwepo, nikaibandika ukutani.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Fimbo ya kupimia tenki, kipimajoto, simu yenye GPS, geji ya upepo wa matairi, na daftari. Kujaza tulifanya kwenye pampu ileile, gari likiwa sehemu tambarare, hadi shingoni mwa tenki, tunangoja povu litulie, kisha tunaongeza. Uzito wa mzigo sikuhitaji kuutafuta: mizani za barabarani zinatoa tikiti kila gari linapopita, na tikiti inaonyesha uzito wa kila ekseli. Karatasi hizo zilikuwa zinatupwa. Niliwaomba utingo wanitunzie, na zikawa data bora kuliko zote nilizopata.

Barabara ya Dar hadi Tunduma ina kilomita 930 hivi. Inaanza usawa wa bahari na inaishia zaidi ya mita 1,500 juu. Ukiitazama kwenye ramani hilo halionekani. Ukiwa kwenye kebini, nyuma yako semitrela iliyojaa, unalisikia kwenye injini.

Kilichonishtua kwanza ni matuta. Kufika Morogoro nilikuwa nimeshachoka kuyahesabu. Babu alipunguza mwendo kwa kila moja bila kulalamika, akapandisha gia upya, moja baada ya nyingine. "Kila tuta linakunywa," alisema. Jioni nilipiga hesabu. Ukomo wa Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari zima. Kuitoa tani 56 karibu na kusimama hadi kilomita 50 kwa saa kunataka megajuli 5.4 hivi za nishati. Lita ya dizeli ina karibu megajuli 36, na injini nzuri ya lori hugeuza kama asilimia 40 tu kuwa nguvu ya kusukuma. Zinazobaki zinaondoka kama joto kupitia ekzosi na rejeta. Kwa hiyo kila tuta linakunywa zaidi ya theluthi moja ya lita. Siyapingi matuta, maana yamewekwa penye watoto na shule. Lakini kiwango chetu cha mafuta kilihesabiwa miaka ya nyuma, na tangu hapo matuta yameongezeka na hakuna aliyekigusa.

Kisha mlima wa Kitonga. Baada ya Mikumi, ambako barabara inakata hifadhi kwa kilomita 50 hivi na mwendo unabanwa kwa ajili ya wanyama, unashuka hadi bonde la Ruaha, halafu mlima unaanza. Babu alizima redio. Hakusema kitu kwa muda mrefu, anasikiliza injini tu, na gari lilipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Fizikia yake ni nyepesi. Kuinua tani 56 kwa mita 100 ni megajuli 55, yaani karibu lita 4 za dizeli, bila kuhesabu upepo wala matairi. Kutoka bondeni hadi Iringa kuna karibu mita 900. Hizo ni lita 34 za kuinua tu. Gari lenye uzito wa tani 40 linahitaji lita 24 kwa mlima uleule. Tofauti ya lita kumi, kipande kimoja cha barabara, na kiwango cha ofisi kilikuwa hakijui mlima wala uzito. Dereva aliyepangiwa mzigo mzito alikatwa mshahara, aliyepangiwa mwepesi akabaki na lita za ziada ambazo hakuna aliyemuuliza. Nilikaa na hesabu ile kwenye gesti Makambako, usiku, baridi kali, nikawaza miaka yote makato yale yalipofanyika.

Makambako ndiyo ilinipa jibu la fumbo jingine. Ofisi ilikuwa na msimamizi wa njiani aliyepima matenki kwa fimbo alfajiri, na mara nyingi alikuta mafuta pungufu kuliko ya jioni. Usiku umepita, mafuta yamepungua: kwao huo ulikuwa ushahidi wa wizi. Nilipima tenki la Babu tulipoegesha, gari bado la moto, nikapima tena alfajiri. Fimbo ilishuka, na mimi nilikuwa nimeweka lakiri kwenye kifuniko. Dizeli husinyaa ikipoa, takriban asilimia 0.08 kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Lita 600 zikipoa kwa nyuzi 15 zinapungua kwa lita 7 hivi bila tone kutoka. Nilimwonyesha Babu lakiri nzima na namba mbili. Aliitazama fimbo kwa muda.

"Mwanangu, mimi hizi nimeshazilipa."

Sikuwa na la kumjibu. Niliandika tu.

Tunduma tulikaa kwenye foleni. Malori yamepangana kando ya barabara, gari linasogea hatua chache, linasimama, linasogea tena. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma gari likiwa limesimama, inakunywa kati ya lita mbili na tatu kwa saa, na dereva hathubutu kuizima kila mara maana nafasi ikiachwa wazi mwingine anaingia. Hapo ndipo watu walipoanza kuzungumza nami. Nilikuwa nimekula vumbi lao na kunywa chai kwenye vikombe vyao, na barua ya yadini walikuwa wameisikia. Dereva mmoja, ambaye kwenye tasnifu ni herufi tu, aliniambia waziwazi: ndiyo, anauza mafuta. Posho ya safari inahesabiwa kwa siku za mwendo. Foleni ikichukua siku nne, posho imekwisha siku ya pili, na yeye na utingo wake wanakula nini? Anauza lita ishirini.

Nililala vibaya siku hiyo. Kuandika hilo kungeonekana kama kuthibitisha walichokuwa wakisema ofisini, na kuliacha kungekuwa uongo. Nikaliandika kama lilivyo, na siku za foleni zikiwa pembeni yake kwenye jedwali moja.

Nikiwa palepale nilitazama kwa wivu treni ya TAZARA. Reli ile ina kilomita 1,860 kutoka Dar hadi New Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwaka 1976, na kwa sehemu kubwa inahudumia safari hizihizi za mizigo. Gurudumu la chuma juu ya chuma lina msuguano mdogo mara kadhaa kuliko tairi juu ya lami. Mtu anayejali nishati hawezi kuiona barabara imejaa malori kiasi kile asiumie. Hiyo ni tasnifu ya mtu mwingine, na natamani aiandike.

Baada ya safari ya Babu nilipanda na wengine watano, na waliobaki walianza kujaza fomu upya. Safari hii tarakimu za mwisho zilikuwa mchanganyiko wa kila aina. Nilipofanya uchambuzi wa regresheni, yaani hesabu ya kuona kila sababu inachangia kiasi gani, uzito kutoka kwenye tikiti za mizani na saa za kusubiri vilieleza sehemu kubwa ya tofauti kati ya safari na safari. Upepo wa matairi ulifuata, na hilo ni la gereji yetu, si la dereva. Kilichobaki bila maelezo kilikuwepo, ila kilikuwa kidogo mno kuliko ofisi ilivyoamini. Jina la utafiti nililibadilisha. Neno "upotevu" likatoka, likaingia "matumizi".

Siku ya kuwasilisha ofisini nilianza na lakiri ya Makambako na namba mbili za tenki, na grafu nikaziweka mwisho. Mkurugenzi aliuliza maswali magumu, hasa kuhusu wale wanaouza, na nilimjibu bila kupamba. Kilichokubaliwa ni kwamba kiwango kimoja kimefutwa. Sasa barabara imegawanywa vipande vinne, kila kipande kina lita zake kulingana na uzito wa tikiti, na kupima kwa fimbo alfajiri kumekoma. Makato yamesimamishwa. Yaliyokatwa zamani hayajarudishwa. Niliomba, nikaambiwa litaangaliwa, na bado nakumbusha.

Posho ya foleni ndiyo imekwama. Uongozi unataka kujua foleni inachukua siku ngapi kwa wastani kabla ya kuiweka kwenye bajeti, na swali hilo ni la haki. Kwa hiyo tangu mwezi uliopita utingo wananitumia ujumbe wa simu mara mbili: gari linapoingia foleni Tunduma, na linapotoka. Wa kwanza kutuma alikuwa utingo wa Babu, saa tisa na dakika saba usiku.