Madam, Kwani Tumekosa Nini? Siku Moja ya Bibi Shamba

Saa 12 asubuhi. Kabla ya kazi namwagilia matembele yangu, keni mbili tu. Kucha zangu hazijawahi kupendeza harusini, na wifi zangu wameshachoka kunisema.

Saa 2. Shule ya msingi, huku kwetu Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Darasa la tano wamesimama na majembe, nyuso zimewashuka. Nauliza nani anapenda kulima. Kimya. Kisha sauti kutoka nyuma: "Madam, kwani tumekosa nini?"

Hapo ndipo penye kazi yangu. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule ziwe na mashamba, lakini njiani jembe likageuka fimbo: mchelewaji anapalilia, mpiga kelele anachimba kisiki. Mtoto akae hivyo miaka saba, halafu tushangae akikua anaona kinyaa kushika udongo.

Basi leo hatulimi. Tunafukua kidogo chini ya mwembe, tunatafuta nyungunyungu, tunanusa. Nawaambia ile harufu ya ardhi baada ya mvua hutokana zaidi na vijidudu vya jamii ya Streptomyces, na kwamba mwaka 1943 jamii hiyohiyo ilitupa streptomisini, dawa ya kwanza kutibu kifua kikuu. Wanakodoa macho. TB wanaijua, mtaani kwao wapo waliomeza dawa miezi sita. Dawa kutoka kwenye udongo huu wa kuadhibiwa nao? Ndiyo.

Saa 4. Chai na mwalimu mkuu. Anataka kumwaga zege uwanja mzima, maana wazazi wanalalamikia sare kuchafuka. Namsimulia Ufini, ambako watafiti walitandaza udongo na mimea ya msituni kwenye viwanja vya chekechea. Matokeo yalichapishwa 2020: baada ya siku 28, vijidudu vya ngozini mwa watoto vilikuwa vya aina nyingi zaidi, na damu yao ilionyesha dalili za kinga iliyotulia vizuri.

"Na minyoo je, dada?"

Swali la haki. Mabuu ya minyoo ya safura hupenya ngozi ya miguu pale udongo ulipochafuliwa na kinyesi. Kwa hiyo choo, viatu na sabuni kwanza. Siwapendi wanaousifia udongo kana kwamba ni maji ya baraka.

Saa 7. Zahanati, kina mama wajawazito. Mikobani mna pemba, udongo wa kula. Siwacheki, hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu. Lakini udongo huo unaweza kuzuia mwili usifyonze madini chuma, na mwingine una madini ya risasi. Nesi anasisitiza vidonge, mimi naonyesha bustani ya gunia: kokoto katikati, udongo uliochanganywa na samadi iliyooza (mbichi hapana), mchicha juu na ubavuni.

"Kwa hiyo dada, tuulime, tusiule?"

Nimecheka mpaka nesi akanikazia macho.

Saa 9. Ofisini, ripoti. Fomu inauliza kilo za mavuno. Watoto walionusa udongo hawana safu yao, nimeandika "mafunzo kwa vitendo".

Saa 12 jioni. Mwalimu mkuu anapiga simu. Zege litaishia pale wanafunzi wanapopanga mstari, uwanja uliobaki utaachwa, ila nimletee miche ya kivuli. Nimemwambia miche ipo, kwa sharti moja: mashimo wachimbe waliowahi namba, si wachelewaji.