Umehama na vinyago vya nani?

Shalom wapendwa. Wiki hii msitegemee maneno mengi, mgongo unauma, tumehama. Maboksi bado yamejaa sebuleni, sufuria sizioni, chaja ndo kabisaa, na watoto kila saa wanauliza tunarudi lini nyumbani kana kwamba hapa tumekuja kutembea. Ila kilichonielemea sio hayo. Kila anayepiga simu ananiambia hongera, sasa unaanza upya, naitikia amen, halafu usiku nikilala naona moyo ni uleule, yaani hofu yangu ilishapata chumba kabla mimi sijafunga hata kitanda.

Ndo nikajikuta kwenye Mwanzo 31. Yakobo anahama kwa Labani, baba mkwe wake, baada ya miaka 20, na Mungu mwenyewe ndiye amemwambia rudi, kwa hiyo safari ni halali kabisa. Lakini mkewe Raheli anaiba vinyago vya baba yake, yaani sanamu za miungu ya nyumbani, anavitia kwenye matandiko ya ngamia anavikalia. Labani anapekua hema zote haoni kitu. Yakobo anaapa mbele za watu kwamba atakayekutwa navyo asiishi, hajui kumbe vipo kwa mke anayempenda kuliko wote! Unaweza kuwa kichwa cha nyumba, umeomba, umefunga, na hujui mzigo wenu umebeba nini.

Sasa nenda sura ya 33. Yakobo amefika Shekemu, amenunua kiwanja kwa vipande 100 vya fedha, amejenga na madhabahu ameipa jina. Mtu angepita pale angesema hii familia imetulia kwa Bwana. Geuza ukurasa hadi 35, Mungu anamwambia panda Betheli, pale alipomtokea zamani, ndipo anaiambia nyumba yake "ondoeni miungu migeni iliyoko kwenu". Ina maana ilikuwepo! Madhabahu nje, miungu ndani ya hema. Biblia haisemi kama ni vile vile vya Raheli, inawezekana mingine ilitoka kwenye nyara za Shekemu, mji ambao wanawe waliuteka sura ya 34, lakini ilikuwa inalala humo humo na watu wa ahadi.

Hapo nisameheni niseme wazi. Tunapenda sana kuita mtumishi aje aombee nyumba mpya, apake mafuta milango na madirisha, na mimi nimeita sipingi, lakini mafuta ya mlangoni hayatoi kitu ulichokiingiza mwenyewe umekikalia. Wewe umehama kwa sababu uligombana na jirani, hujamuaga mtu, umeondoka usiku na kodi ya mwenye nyumba hujamaliza, halafu unatoa ushuhuda kanisani kwamba Bwana amekuvusha. Amekuvusha wapi?? Lipa deni la watu. Mpigie yule dada mliyenuniana mwaka mzima. Na wewe uliyehamia kwenye nyumba kubwa ili ndugu wakuone, hicho nacho ni kinyago, tena kinakula hela kila mwezi. Wengine tumebeba maneno ya wazazi, "wewe huwezi kufika popote", tumeyafunga vizuri kuliko vyombo vya udongo. Kuna ndoa zimebadilisha nyumba mara nyingi na ugomvi ni uleule, unahamia nao, unachagua nao rangi ya mapazia.

Na ona walivyofanya, hakuna aliyebishana. Walimpa Yakobo miungu yote iliyokuwa mikononi mwao, na pete za masikioni pia, akaifukia chini ya mwaloni pale Shekemu. Hawakusafiri nayo kwenda Betheli. Kumbe inawezekana kuachia, hata kitu umekizoea miaka.

Yeremia 29 nilitaka niigusie, ile Mungu anawaambia waliohamishwa Babeli jengeni nyumba mkakae ndani yake na kuuombea amani mji mlikopelekwa, ila muda umeisha. Kwa kifupi tu usikae kwenye nyumba mpya kama mtu anayesubiri basi, wasalimie majirani.

Mimi leo jioni kabla ya kufungua maboksi yaliyobaki tunakaa na familia, kila mtu aseme kwa Bwana alichobeba ambacho hakikutakiwa kuja huku, na mimi naanza na hiyo hofu. Mlio kwenye kuhama niandikieni tuombeane, na mwenye deni la kodi aanze na simu kwanza, maombi tutafanya baadaye.